Nyumba ya Kiarabu ya Mngazija

Ukifika Fukuchani, kaskazini ya Unguja, mkabala na kisiwa cha Tumbatu, ukauliza yalipo magofu, utaelekezwa mara moja: Nyumba ya Wareno ile pale. Ukenda Mvuleni, mbali kidogo na pwani, utaambiwa vivyo hivyo. Utakuta kuta za mawe ya matumbawe, milango ya matao iliyochongwa na mtu aliyejua kazi yake, vidaka ukutani, na ukuta wa ua wenye matundu membamba ambayo watu husema yalikuwa ya kutolea mitutu ya bunduki. Jina hilo limo kwenye ramani za zamani, limo kwenye vitabu vya watalii, na sisi tulilipokea hivyo hivyo skuli bila ya kuuliza.

Mwaka 1989 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Fukuchani. Chini ya magofu kulikuwa na mabaki ya kijiji cha milenia ya kwanza, kilichoitangulia nyumba ile kwa karne nyingi. Na nyumba yenyewe, ukiitazama ramani yake na uchongaji wake, ni kazi ya Waswahili wa karne ya 16. Mreno alikuwako pwani wakati huo, hilo halina ubishi, lakini kuwako kwake hakumfanyi kuwa mwashi. Tatizo ni kwamba gofu likishaandikwa "la Wareno" kwenye orodha ya mambo ya kale, linawekwa rafu moja na Ngome Yesu, ngome ya Wareno ya Mombasa. Anayetafuta nyumba za Waswahili, aliyekwisha kupita Gedi na Songo Mnara, hatafungua faili hilo kamwe. Nyumba ipo, imesimama juani, watu wanapita na baiskeli pembeni yake, lakini kwenye daftari imepotea.

Mimi somo hili nililipatia mjini. Nilikuwa kijana, nimechukuliwa kibarua kwenye mradi mmoja wa kuorodhesha nyumba za Mji Mkongwe, na kazi yenyewe ilikuwa ya miguu na macho: ubao wa kuandikia mkononi, futi ya utepe mfukoni, hodi mlangoni. Tulianza Malindi, tukashuka Kiponda, Hurumzi, Kajificheni, Mkunazini. Fomu ilikuwa ya kurasa mbili. Juu kabisa, baada ya namba ya nyumba na jina la mtaa, palikuwa na mstari wa "Aina ya jengo" wenye visanduku: Kiarabu, Kihindi, Kiswahili, Kizungu, Nyingine. Tulifundishwa asubuhi moja namna ya kuchagua. Nyumba yenye kuta nene, uso mtupu, madirisha machache kwa nje na ua katikati, hiyo ya Kiarabu. Yenye duka mbele na roshani ya mbao juu, ya Kihindi. Ya chini, isiyo ghorofa, ya Kiswahili. Yenye bustani mbele, ya Kizungu.

Kiponda nikabisha hodi kwenye nyumba ambayo kwa mafunzo yale haikuwa na shaka hata kidogo. Kuta zake nene kiasi cha mtu kukaa dirishani miguu ikaning'inia ndani. Mwenyewe, mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, alikuwa barazani na gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na hiyo karatasi unaandika nini?"

"Aina ya nyumba, mzee. Nimeweka Kiarabu."

Akakunja gazeti. "Mwarabu gani?"

Nikamweleza mambo ya ua na kuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisomesha. Aliyeijenga, alisema, alikuwa mtu wa Hadhramaut, hilo sawa. Akamuuzia Bohora, na roshani ninayoiona kaitia Bohora. Baadaye ikaingia mikononi mwa babu yake, Mngazija, ambaye ndiye aliyeziba ua kwa dari ili apate chumba cha bwana arusi. Sehemu ya chini ikatiwa wakfu. Juu, baada ya Mapinduzi, wakaletwa watu kutoka shamba, na sasa anakaa mama wa Kipemba na wanawe. "Sasa wewe weka Kiarabu," akasema, "lakini ukinipeleka mahakamani kwa karatasi hiyo, tutashindwa sote."

Nilicheka, na yeye akacheka, lakini nilipoendelea na nyumba nyingine siku ile nilianza kuitazama fomu kwa jicho jingine. Neno "Kiarabu" lilikuwa linajibu maswali manne kwa tiki moja: ramani ya nyumba ikoje, nani aliijenga, ni ya zama gani, na mwenyewe ni nani. Tena linayajibu kwa namna ambayo huwezi kuyatenganisha tena. Anayesoma fomu ofisini hajui kama niliweka tiki kwa sababu ya ua, au kwa sababu ya jina la mtu wa kwanza, au kwa sababu mlango una aya ya Kurani juu yake.

Nyumba moja niliyokaa nayo sana ni Beit al-Amani, jengo la makumbusho lenye kuba jeupe pale Mnazi Mmoja, lililofunguliwa mwaka 1925. Mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni msikiti. Mchoraji wake alikuwa John Sinclair, Mwingereza, mtumishi wa serikali ya kikoloni ambaye alipanda mpaka kuwa Balozi Mkaazi wa Unguja. Ndiye aliyejenga Mahakama Kuu ya Vuga nayo, kwa matao na kuba hizo hizo. Sasa hapo tiki iende wapi? Mwenzangu mmoja aliweka Kizungu, mwingine Kiarabu, na wote wawili walikuwa na hoja. Mimi niliweka Nyingine. Kisanduku cha Nyingine ndicho kilichookoa heshima yetu sote.

*

Aliyenifungua macho zaidi alikuwa fundi mwashi. Alikuwa amepewa kazi ya kututembeza na kutuonyesha hali ya majengo, na hakuwa na subira na fomu zetu. Kwake yeye nyumba zote za Mji Mkongwe zilikuwa kabila moja: mawe ya matumbawe, udongo, chokaa na boriti. Alituingiza katika nyumba ya ghorofa tatu Hurumzi ambayo fomu iliita ya Kiarabu, akatupimisha upana wa chumba. Akatuvusha njia, akatuingiza duka la Mhindi, akatupimisha tena. Vipimo vilikaribiana sana. Akaonyesha dari kwa kidole. "Mkoko haukui mrefu kwa kuwa mwenye nyumba ni Sultani."

Ndiyo hivyo. Boriti za mikoko, nyingi zikija kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya mji mzima. Mwenye fedha aliongeza urefu wa chumba, akaongeza ghorofa, akaongeza nakshi mlangoni, lakini upana ulibaki wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya majumba makubwa ni virefu na vyembamba. Jambo hilo, ambalo linafunga pamoja jumba la tajiri na duka la karafuu, halikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu yetu. Palikuwa na mstari wa "Vifaa" ambao kila mtu aliandika "mawe", akaendelea.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo mpaka leo nawasimulia vijana wanaoanza kazi hii. Tulikuwa mbele ya ukuta uliopakwa vizuri, hauna ufa, mweupe, na mwenzangu alikwisha kuweka tiki kwenye "Hali: nzuri". Fundi akachomoa kisu kidogo, akagonga kwa mpini. Ukuta ukatoa sauti ya ngoma. Akachokoa pembeni ya dirisha, ganda la saruji likabanduka zima zima, nene kama kitabu, na nyuma yake chokaa ya zamani ikamwagika kama unga. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta maji kutoka ardhini na kuyatoa nje ukipumua. Ukiuvika saruji, maji hukosa pa kutokea, chumvi hukusanyika ndani, na ukuta huoza huku uso wake unang'aa. Akapanda ngazi, akatia kisu mahali boriti inapoingia ukutani. Kikazama. "Imeoza kichwa," akasema. "Tumbo zima, kichwa hakuna."

Kichwa cha boriti. Ukuta uliovimba. Ukuta unaotoa mchanga. Saruji juu ya chokaa. Kila moja ya kauli hizo ingemwambia mhandisi ofisini nini cha kufanya na kwa haraka gani. Badala yake tulikuwa na "nzuri", "wastani" na "mbaya", na nyumba iliyovikwa saruji, ambayo ndiyo iliyokuwa ikielekea kuanguka, iliingia kwenye nzuri. Naamini kwa dhati kwamba msamiati wa mafundi wa Unguja, ukiandikwa na kupangwa, una thamani kubwa kwa hifadhi kuliko vitabu vingi vya mitindo ya usanifu. Kwenye mlango peke yake wanayo miimo ya kando, kizingiti, mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili, na kila kimoja huoza kwa namna yake na hutengenezwa kwa namna yake.

Milango, kwa bahati mbaya, ndiyo iliyoharibiwa zaidi na maneno. Papasi yeyote, mtembeza wageni wa Forodhani, atamwambia mgeni kwamba mnyororo uliochongwa kwenye mwimo maana yake mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa, na kwamba vichwa vya shaba vilivyochongoka ni vya kuzuia ndovu, katika kisiwa kisichojulikana kuwa na ndovu wa kuvunja milango. Wataalamu nao wanagawa milango kuwa ya Kiarabu, ya Kihindi na ya Kiswahili, wakati mlango wa Mwarabu wenye aya za Kurani mara nyingi umechongwa na fundi wa Kihindi, kwa msaji ulioagizwa kutoka Bara Hindi. Ukiuliza umbo la kizingiti cha juu, kama kimenyooka au ni nusu duara, na nakshi kama ni za maua au za maumbo ya kupimwa kwa bikari, utapata mgawanyo ambao watu wawili wasiojuana wataufanya sawasawa. Ukiuliza kabila la mlango, utapata mjadala wa kahawa.

Sheria zenyewe hazikusalimika. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 iliweka ulinzi kwa milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, ila ikaielezea kuwa ile ya mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki. Ni kifungu chenye nia njema, na kimezuia milango mingi isipakiwe melini. Lakini mwambie ofisa wa forodha bandarini, mwenye kontena mbele yake, aamue kama mlango wa Bagamoyo ni wa Kiafrika au wa Mashariki. Hapo ndipo istilahi inapogeuka kuwa pesa ya mtu. Zanzibar mambo ya kale si ya Muungano, kwa hiyo tuna sheria zetu. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mpango mkuu wa hifadhi wa mwaka 1994, uliotayarishwa na timu ya msanifu Francesco Siravo kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, uliyaweka majengo yaliyoorodheshwa katika madaraja mawili. Daraja si jambo la karatasi tu. Ndilo linaloamua kama utaruhusiwa kubomoa ngazi, kutanua dirisha, au kuongeza ghorofa ya wageni juu ya dari. Aliyejaza fomu mlangoni, akiwa na njaa ya saa nane mchana, ameshaanza kuamua.

*

Baadaye nilipata kazi ya kusaidia kuchambua vigae vya Unguja Ukuu, na huko nikakuta ugonjwa ule ule umevaa nguo nyingine.

Unguja Ukuu, kusini ya kisiwa, ulikuwa mji wa biashara kuanzia milenia ya kwanza. Neville Chittick alichimba huko miaka ya 1960, Horton akafuata miaka ya 1980, na Abdurahman Juma akautolea tasnifu ya udaktari mwaka 2004. Ardhini mle vimo vyombo vya kioo, shanga, vigae vya Kichina, na kwa wingi kuliko vyote, vyungu vya kienyeji vyenye shingo, vilivyochanjwa pembetatu kabla ya kuchomwa. Vyungu hivi vimeenea pwani yote ya Afrika Mashariki, kutoka Lamu mpaka Msumbiji na visiwa vya Ngazija.

Chungu ni kimoja, majina ni mengi. Chittick aliviita vyombo vya jikoni. Phillipson, aliyevikuta karibu na mto Tana, akaviita vya Wenje, kwa jina la mahali. Horton akaviita mapokeo ya Tana. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaviita vyombo vya machanjo ya pembetatu, na sababu yake ilikuwa nzito: ukisema Tana, umeshasema asili yake ni kaskazini, kabla hujathibitisha. Tazama kila jina linajibu swali gani. La kwanza linajibu kazi ya chombo, la pili mahali kilipopatikana, la tatu mahali kilipotoka, la nne kinaonekanaje. Watu walibishana miaka mingi kana kwamba wanabishana juu ya chungu.

Mwaka 2011 Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walichapisha kazi ambayo nadhani ilikuwa dawa. Walikusanya vigae vya maeneo mengi ya pwani, wakavipima na kuviandika kwa njia moja: umbo la mdomo, shingo, aina ya mchanjo, mahali mchanjo ulipo. Ilipokwisha kupimwa hivyo, jina moja kubwa likaonekana limefunika tofauti nyingi za mahali na mahali. Kuna mambo yanayoshirikiwa pwani nzima, na kuna ya mahali pamoja peke yake.

Siku moja, pale Unguja Ukuu, mama mtu mzima wa kijijini, aliyekuwa akituoshea vigae, aliokota ukingo wa chungu kutoka kwenye beseni, akapitisha dole gumba ndani ya mdomo wake. "Hichi mkilichoandika mtungi si mtungi, mwanangu. Mtungi hauna masizi." Akakigeuza. Kweli, kwa nje, chini ya bega, palikuwa na weusi ambao sote tulidhani ni udongo. Akaeleza kwamba mdomo umepindwa nje ili kifuniko kikae na mkono upate pa kushika chungu kikiwa cha moto. Msimamizi wetu, na hapa namsifu, alichukua kadi akaandika maneno matatu: masizi, mdomo umepinda. Hakuandika "cha jikoni". Nilimuuliza kwa nini, akasema masizi ameyaona, jikoni hajaliona.

Sijapata kusikia kanuni ya uainishaji iliyosemwa vizuri kuliko hiyo.

Mfano mwingine ni mitungi mikubwa yenye rangi ya feruzi iliyong'arishwa, iliyokuja kutoka Iraki na Ghuba. Kwa miaka mingi vitabu viliiita ya "Kisasania na Kiislamu". Dola ya Wasasani ilianguka mwaka 651, na mingi ya mitungi hii ilifika Unguja Ukuu karne moja na zaidi baadaye. Msomaji asiye mtaalamu akikuta jina hilo kwenye lebo ya kioo cha makumbusho ataamini Unguja ilifanya biashara na mfalme wa Uajemi aliyekwisha kuzikwa zamani. Siku hizi watafiti wengi wanaandika "iliyong'arishwa rangi ya feruzi", basi.

*

Wenzetu wa nchi nyingine wamepambana na jambo hili muda mrefu. Taasisi ya Getty ya Los Angeles inatunza hazina ya istilahi za sanaa na usanifu iliyoanza kutayarishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake vitu viko upande wao, vifaa upande wao, mitindo na zama upande wao, watu na shughuli kadhalika, wala havichanganywi. Kila dhana ina namba, na chini ya namba moja hukaa majina ya Kiingereza, Kihispania, Kiholanzi, Kichina. Nayo kamati ya kumbukumbu ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho ilitunga mfumo uliokubaliwa mwaka 2006 kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 21127. Katika mfumo huo, kukitia kitu katika aina fulani huhesabiwa kuwa tendo. Lina mtendaji, lina siku yake. Jina "Nyumba ya Wareno" linabaki kwenye rekodi, lakini linabaki kama kauli ya mtu fulani wa wakati fulani, na kauli ya Horton inakaa chini yake na tarehe yake.

Hili ndilo ninalolitetea kila ninapoitwa kwenye vikao: tenganisheni visanduku. Umbo peke yake, vifaa peke yake, matumizi peke yake tena kwa zama zake, umiliki peke yake. Kisha jina wanaloliita watu. Kisha asili inayodaiwa, na nani kadai, na lini. Chukua jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe. Ukiandika "Kasri, 1883" umesema kweli, na hujasema kitu. Sultani Seyyid Barghash aliijenga mwaka huo kwa ajili ya shughuli za heshima, kwa nguzo za chuma na roshani zinazoizunguka. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliidhuru, na mnara wa saa uliokuwa mbele yake ukavunjwa. Mnara wa sasa uliwekwa juu ya jengo mwaka 1897. Ikawa ofisi za serikali ya kikoloni, ikaja kuwa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima ukaanguka na mnara wake, wakafa watu waliokuwa kazini. Jengo likishaanguka, hakuna anayeuliza lilikuwa la mtindo gani. Wanauliza nguzo zilikuwa ngapi upande ule, zimeshikwaje na sakafu, dari ilikuwa ya boriti au ya chuma, ukuta ulitengenezwa lini kwa saruji. Rekodi ya vipande ndiyo inayojenga.

Kwa upande wa lugha, mtu wa Unguja inampasa atembee taratibu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati iliyoundwa 1930 zilichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na ndugu zetu wa Lamu na Mvita hawajasahau. Katika nyumba za mawe Lamu ni tajiri: wana msana, wana ndani, wana wikio linalovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba. Orodha ya istilahi ya pwani ikiandikwa kwa maneno ya Mji Mkongwe peke yake, chumba cha Lamu kitaitwa ukumbi, na kitakuwa si chenyewe. Namba za dhana zinatusaidia hapo, maana chini ya namba moja kila mji unaweka neno lake.

Mgogoro mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko ng'ambo ya barabara ya Darajani. Mwaka 1923 mpangaji miji Lanchester aliutazama mji huu kama miji miwili, wa mawe na wa wenyeji, na mstari huo tumeurithi. Hekta 96 zilizoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 ziko upande mmoja wake. Ng'ambo zimebaki nyumba za miti na udongo, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, baraza mbele, ua nyuma. Makuti yamekuwa mabati, udongo umekuwa matofali, ramani ni ile ile. Kwenye fomu kama yetu nyumba hizi zingepata "Kiswahili", "udongo", "mbaya", na daraja hakuna. Hakuna kisanduku cha kuandika kwamba katika mitaa hii wakazi waligoma mwaka 1928 kulipa kodi ya ardhi, wala kwamba ramani ya vyumba sita na ukumbi imedumu kuliko kifaa chochote ilichojengewa. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, wa idara ya mipango miji pamoja na wenzao wa Uholanzi, uliwatuma watu mitaani kuuliza wakazi wenyewe kipi wanakihesabu kuwa urithi, na matokeo yake yamechapishwa mwaka 2019 kwa sura ya atlasi. Wakazi walitaja sinema, viwanja, mabaraza, mashina ya miti. Ni orodha isiyofanana kabisa na ya wasanifu.

Ninaofanya nao kazi sasa wengi ni vijana wenye simu badala ya ubao, na malalamiko yao ni ya haki: fomu niliyowapigania ina visanduku vingi mno, nyumba moja inakula asubuhi nzima. Kisanduku cha "Nani kasema" ndicho wanachokichukia zaidi. Wanasema wenye nyumba huogopa, wanadhani wanaandikwa kwa ajili ya kodi au kwa ajili ya kesi ya mirathi, na baadhi yao hufunga mlango pale pale. Tumekubaliana kwamba jina la mtu lisiandikwe, iandikwe nafasi yake tu: mkaazi, fundi, jirani, kitabu, pamoja na tarehe. Wapo wanaotaka "Kiarabu" na "Kihindi" yafutwe kabisa kwenye kadi za zamani wakati zinaingizwa kwenye kompyuta. Hapo nimekataa. Yaingizwe kama yalivyo, kila moja na mwaka wa kadi yake, na mtaalamu wa mfumo ameniambia inawezekana, ila itabidi kadi zipitiwe moja moja kwa mkono, na bajeti ya mwaka huu haina fungu hilo.